Mimba kwa Jina la Jirani

Katika ujinga wote niliowahi kuufanya, na si mchache, ulionitoa jasho zaidi ni huu: niliandikisha mimba yangu katika zahanati ya Malaba kwa jina la jirani.

Nilikuwa na sababu. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na mama mkwe wangu kule Mundika alisema niliitangaza mapema mno, wenye jicho baya wakaisikia. Sasa pale zahanati karani aliita majina dirishani kwa sauti ya mnadani, na ugonjwa akautaja papo hapo. Basi ya pili ilipoanza kutoa damu, nilipoulizwa jina, la jirani likanitoka mdomoni. Ni mama mtu mzima, ana wajukuu. Nikajiambia, jicho litamfanya nini huyu?

Daktari akaniandikia cheti: wiki mbili nilale. Mimi, ambaye hata harusini huanza kuulizia saa ya kurudi kulala kabla bibi harusi hajafika, nimepewa kitanda kwa muhuri. Ningefurahi, kama ningekuwa na akili.

Mume wangu alikipeleka cheti ofisini, kwa wakala wa forodha niliyekuwa nikimpigia taipu karatasi za malori. Akarudi nacho mkononi.

"Boss anasema huyu mwanamke hamjui," akaniambia. "Bila cheti chako wewe, umetoroka kazi. Ijumaa anaandika mwingine."

Na haki yenyewe niliijua. Tangazo la ukutani nililipiga taipu kwa vidole vyangu: mfanyakazi akiugua, akileta cheti cha daktari, atalipwa siku zake. Boss alipenda kusema mimba si ugonjwa, lakini hangebishana na daktari. Alibishana na jina, na hapo alikuwa sawa.

Nikalala kama mtu aliyetandikiwa siafu. Nageukia ukutani, nauona mshahara ukienda. Nageukia mlangoni, nawaza nikimbie ofisini nikajieleze, nakumbuka damu. Nakaa, nalala, nakaa tena. Mume wangu akauliza kama daktari alisema nilale au nicheze ngoma ya isukuti.

Zahanati walikataa kubadilisha jina. Wanawake hatukuwa tunapewa kipande cha kitambulisho siku hizo, ningejitambulisha kwa kitu gani? Alhamisi nikamwita jirani, nikaungama yote nikiwa nimejifunika shuka mpaka kidevuni. Kumbe siku zile zote akina mama sokoni walikuwa wakimpa hongera, naye akidhani wanacheka unene wake.

"Lete hicho cheti," alisema. "Na wewe usishuke hapo."

Akaenda ofisini, mume wangu nyuma yake kama mshtakiwa. Nilibaki nikihesabu mabati ya dari, nikakosea, nikaanza upya. Walikaa mpaka nikachungulia dirishani mara nne, ingawa nilikatazwa kushuka.

Mume wangu aliporudi alisema boss ameandika siku zangu zote, na kazi bado ni yangu. Nikamuuliza ni sheria gani aliyosomewa. Akasema hakusomewa sheria yoyote. Jirani alisimama mbele ya meza, madereva wakiwa wamejaa pale wakingoja karatasi zao, akamwambia hivi:

"Boss, mzee wangu yuko na lori Kigali tangu wakati wa kupanda. Hii mimba ni ya mpiga taipu wako, na ujinga pia ni wake, lakini ugonjwa ni wa kweli. Mlipe siku zake, ama nikae hapa mpaka nijifungue."