Sahihi Niliyoitia kwa Niaba ya Dada

Mdogo wangu wa kike hatembei tangu utoto, na mikono yake haina nguvu. Vita vilipomfukuza kutoka mji wa Beni, nilimpa chumba cha mbele katika parseli yangu, ua wenye nyumba zangu, hapa Butembo. Wanawake wa jirani walikuwa wakija kwake na mabeseni, wakichambua maharagwe, wakiwasema waume zao na kuelezana ni watu gani wenye bunduki wameonekana kwenye barabara ya Kalunguta.

Siku moja watu wa mradi, mwanamke na mwanamume, walileta kisanduku cheusi. Ukikisemesha kinawasha taa na redio. Walitaka kukijaribu kwa wenye ulemavu. Waliponiuliza kama dada amekubali, nikajibu, "Mimi ndiye mukubwa wake." Nikatia sahihi bila hata kuvuka ua kumwuliza. Nimesoma sekondari, lakini karatasi ile niliisoma ukurasa wa kwanza tu.

"Yaya, nilikuambia niko na shida ya taa?" dada aliniuliza; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Na hii kitu iko nasikia wakati gani?"

"Ukiiita tu," nilimjibu. Sikujua.

Jirani mmoja alikitazama, akakifunika kwa beseni. "Haka kadudu hakana macho, lakini kana masikio mingi." Wenzake walicheka, ila kesho yake walikuja wawili. Wiki iliyofuata hakuja hata mmoja. Dada alibaki akiamuru taa.

Ndipo niliposoma ukurasa wa pili: sauti zote za chumbani huhifadhiwa. Nikakibeba hadi bureau yao, ofisi ya mradi, nikaomba zifutwe.

"Papa, si ulisaini? Zilishaenda kwa bakubwa," yule mwanamke alisema.

"Bakubwa gani?"

Akarudi kwenye kompyuta yake.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wale wanawake ukweli. Aliyekifunika kwa beseni alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Kumbe muzee, sasa unasainia hata bibi za benzako? Nilivyosema juu ya ile barabara bikifika kwa batu babaya, ni wewe utalala mulangoni kwangu?"

Niliaga, nikarudi nyumbani.

Dada alipouliza nani atakuja, nilimwambia: hakuna.

"Basi unipeleke kwabo."

Nilimsukuma kwenye kiti chake hadi kwa yule jirani. Alimpokea mlangoni, akamwingiza, akanigeukia. "Wewe, bakia inje."

Nikabaki nje.