Mama Yangu Kwenye Mfumo wa Zamani

Daktari hakutaka mengi. Mama aliletwa kutoka Sigowet akiwa hajitambui, mwili unawaka homa, na daktari alitaka tu kujua ni dawa gani iliyowahi kumvimbisha koo mpaka akachungulia kaburi. Dawa aliyotaka kumpa sasa ingeweza kuwa ndiyo hiyo hiyo. Wakati huo alikuja kutibiwa hapa hapa hospitalini, nami ndiye mtu wa kompyuta wa hospitali. Wodi nzima ikanigeukia.

Mfumo wa zamani wa rekodi za wagonjwa tuliuzima tulipoletewa mpya. Data yake bado iko kwenye seva ya stoo, na njia ya kuifikia ni moja: konekta, programu ndogo inayobeba swali kutoka laptopu yangu na kurudi na majibu. Niliiweka mwenyewe, nikajisifu sana. Siku hiyo ilinikatalia nywila mara mbili, mvua ya mchana ikipiga mabati, nikatamani kuitandika. Ilipokubali, niliandika jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ikajibu: mistari sifuri, yaani hakuna rekodi yake. Nikaondoa jina la pili, nikajaribu mwaka wa kuzaliwa. Sifuri. Wanasema mganga hajigangi. Mimi nilishindwa hata kumpata mama yangu.

Mama mdogo, aliyemleta, alikuwa amesimama nyuma yangu, shuka limelowa.

"Hiyo jina unaandika ni ya nani?"

Nikamwambia ni la mama.

"Na nani anamuitanga hivyo? Tafuta vile watu wanamjua."

Kwetu mwanamke akishazaa, huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nikaandika mama wa fulani, na fulani huyo ni mimi. Mstari mmoja ukarudi. Nilitaka kulia kwa furaha.

Nikauunganisha na jedwali la dawa zinazodhuru wagonjwa. Jibu halikukawia. Karani alikuwa ameandika: "Mgonjwa hakumbuki jina la dawa. Anasema kijana wake amesoma, ndiye anajua."

Sikujua. Wakati ule nilikuwa chuoni, na nilipopiga simu mama alisema amepona, nisome tu.

Daktari alikuwa amefika mlangoni. Akauliza kama imepatikana. Nikamwambia imepatikana, na wameandika niulizwe mimi.