Swichi ya Dirisha la Nyuma

Kwa nini baba alitaka dirisha la nyuma la pikapu lifunguke kwa swichi, wakati mimi nilikuwa nimekaa nyumbani bila kazi na mikono yangu yote miwili mizima? Swali hilo nililizunguka msimu mzima na sikupata pa kulishikia. Mimi ambaye darasani nilikuwa nauliza mpaka wenzangu wananizomea, mimi niliyemwuliza padri, waombolezaji wakisikia, huo mpango wa Mungu anaousema ni upi hasa, sikuweza kumwuliza baba yangu habari ya kioo.

Pikapu yetu ina dirisha dogo nyuma ya vichwa vya wanaokaa mbele. Kioo chake cha katikati kinasukumwa kwa mkono, kikienda upande sauti inapita kutoka mbele kwenda nyuma na kurudi. Kwenye magari ya watu wa mjini dirisha la namna hiyo ni pambo tu, hata wenyewe hawajui kama linafunguka. Kwetu lilikuwa nusu ya kazi. Baba hubeba watu na mizigo kati ya Songea na vijiji vya Namtumbo, mara nyingi Lusewa. Mbele wanakaa wawili. Wengine wote wanapanda nyuma pamoja na mahindi, mbolea, kuku na, msimu ukifika, tumbaku. Anayetaka kushuka anasema dirishani. Mtoto akitaka kutapika, anasemewa dirishani. Lakini ukishaiacha lami, kila gari linalokuja mbele linakuja na vumbi lake, na dirisha lisipofungwa upesi mnafika kope zenu nyekundu. Kwa hiyo safari nzima ni kufungua na kufunga, na dereva hawezi kugeuka nyuma huku ameshika usukani.

Kazi hiyo ilikuwa ya mama. Alikaa kushoto, amegeuka kidogo, mkono wa kulia nyuma ya kiti. Alikisukuma kioo bila kukitazama, kama mtu anayekoroga uji huku anaongea na jirani. Maneno marefu ya abiria aliyafupisha kabla hayajamfikia baba. Mtu angelalamika huko nyuma kuanzia mashimo ya barabara mpaka bei ya mbolea, mama akageuka na kusema, "Anashukia kanisani." Baba akapunguza mwendo.

Mama alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Nikaja kuzika, nikarudi kufanya mitihani, kisha nikaja tena nyumbani Matogoro na shahada yangu, nikakaa.

Tulikuwa wawili katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi. Baba aliondoka na umande na kurudi jua likizama. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umekula?" "Nimekula." Kisha redio. Majirani waliokuja wakati wa matanga walikwishamaliza kuja. Marafiki zangu wa chuo walikuwa kwenye simu, na simu ilishika mtandao vizuri upande mmoja tu wa ua, karibu na mti wa mparachichi. Hapo nilisimama kila jioni nikisoma habari za watu waliopata kazi.

Asubuhi nyingi niliamka kabla ya baba. Nilivaa koti, nikafunga kamba za viatu, nikafagia ua kuanzia upande ule gari lilipolala ili akitoka anikute karibu na mlango wa kushoto. Baridi ya Songea ya Juni haina utani, na ufagio ule uliwahi kuisha majani nikiwa bado nafagia. Baba alitoka, akawasha gari, akaliacha lichemke. Akafungua mlango wa kushoto na kuweka juu ya kiti gunia la unga la mtu, au jeki, au koti lake.

"Rudi ndani, mwanangu. Baridi."

Nikarudi ndani. Siku hizo nilijieleza kwa hoja nyingi. Nilisema huenda anaona aibu, msomi mzima kuwa utingo. Nilisema huenda nafanana mno na mama upande ule wa shavu. Huenda hanipendi, nilisema pia, maana mtu akizoea kuuliza kila kitu haachi hata hilo. Nilichotaka kilikuwa kidogo: aniambie panda.

Ndipo jioni moja akazima redio, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akasema, "Kesho gari haliendi safari. Nalipeleka gereji. Dirisha la nyuma nalitia umeme."

"La nini, baba?"

"Lifunguke."

Akaiwasha redio. Kesho yake nilipanda gari bila kualikwa, nikashika jeki magotini, na kwa kuwa gereji ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka nyumbani hakunishusha.

Fundi umeme alikuwa kijana wa Matogoro anayetufahamu tangu zamani, mcheshi, mwenye kofia ya sufu hata mchana. Alikuwa ametayarisha mota ya kioo iliyotolewa kwenye mlango wa gari dogo lililopata ajali. Kwenye mlango mota kama hiyo hupandisha kioo na kukishusha. Hapa ilitakiwa ikivute upande. Akatuonyesha alivyokusudia: mota ikae nyuma ya kiti, waya mwembamba wa chuma uzungushwe kwenye gurudumu lake, upite kwenye puli ndogo kulia na kushoto, kisha ushikwe na kipande cha bati kilichogandishwa kwenye kioo. Mota ikizunguka huku, kioo kinakwenda. Ikizunguka kule, kinarudi.

"Na mtu akiwa ameweka vidole?" niliuliza.

"Atavitoa."

"Asipovitoa?"

"Dada, huyo atakuwa amelala. Aliyelala hana haja ya dirisha."

"Mota itajuaje kwamba ile ni vidole na siyo mwisho wa kioo?"

Fundi akamtazama baba. "Mzee, huyu ulimsomesha nini? Ataniuliza mpaka betri iishe." Lakini alichomoa fyuzi aliyokwisha kuiweka, akaweka ndogo zaidi, ili mota ikikwama umeme ukatike. Baba alikaa kwenye tairi kuukuu, akinywa chai ya mama lishe, akitazama upande wa vilima kama mtu anayesubiri gari la mwingine.

Kioo kilipojaribiwa mara ya kwanza kilikwenda kwa mikwaruzo, kikasimama katikati. Fundi akachota grisi kwa kidole.

"Usipake," nikasema. "Vumbi la Lusewa likikutana na grisi litakuwa udongo wa kufinyangia. Mama alikuwa anapaka mshumaa."

"Mshumaa gani?"

"Wowote. Anasugua kwenye reli, basi."

Fundi akacheka, akasema umeme na mishumaa havijawahi kukaa nyumba moja isipokuwa siku ukikatika. Hata hivyo alimwita mama lishe, akaletewa kipande, nikasugua mwenyewe. Kioo kikapita kimya. Nilimgeukia baba nikiwa nimesahau kidogo hali yetu, ninatabasamu. Alikuwa ameinamisha kikombe na chai yote imemwagika chini, na yeye hajaona.

Fundi aliendelea na swichi. Nilikuwa nimeshika tochi na sikutambua anachofanya mpaka baba aliposimama kuja kutazama. Nyaya zilikuwa zimepita chini ya zulia na kutokea upande wa abiria. Tundu lilikwisha kutobolewa kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha kushoto, na swichi imekaa humo vizuri, nyeusi, kama imezaliwa pale.

"Umeiweka wapi hiyo?" baba aliuliza.

"Si hapa, mzee? Dirisha ni la..." Fundi akavua kofia. Hakuna aliyemwambia aiweke kushoto. Tangu utoto wake aliliona gari lile likipita, na dirisha lile lilifunguliwa kutoka kushoto; mkono wake ulikwenda huko wenyewe.

"Kushoto nani ataibonyeza?" baba akasema.

Fundi alinitazama mimi. Nami nilimtazama baba. Nilikuwa na neno moja mdomoni, fupi kuliko yote niliyosema siku ile.

"Huyo anaondoka," baba akasema. "Ilete huku kwangu."

Sikuwa naondoka. Sikuwa na pa kwenda, sikuwa nimeomba nauli wala kumwambia mtu yeyote kwamba nataka kwenda popote. Nilishika tochi vilevile, nikamulika pale fundi alipotaka nimulike, huku akivuta nyaya na kuzipeleka kulia. Tundu la kushoto alilifunika kwa kipande cha plastiki. Baba alijaribu swichi yake mpya mara kadhaa, bila kugeuka kutazama kioo kinafanya nini, akasema inatosha.

Safari iliyofuata akaniambia nipande. Nikashika mlango wa kushoto, ndipo akamalizia: "Panda nyuma. Uangalie kwa huko kama linafunga sawasawa."

Kiti cha kushoto kilikaliwa na bibi mmoja mwenye mguu mbaya. Mimi nilikaa juu ya mifuko ya mbolea, nimeegemea kioo, kati ya mwanamke mwenye majogoo mawili na mwanamume anayerudi Lusewa na bati za kuezekea. Tulipoiacha lami dirisha likafunguka nyuma ya shingo yangu. Halikufunguliwa na mkono wa mtu. Lilifunguka tu, na sauti ya mota kama ya mbu mkubwa.

"Mpo wazima huko?" baba aliita.

"He!" mwenye majogoo akaruka. "Linajifungua lenyewe?"

"Umeme huo," mwenye bati akasema. "Mzee kaoa mashine."

"Basi amepata mke. Huyu hataomba kitenge."

"Wala hatasema punguza mwendo."

"Atasema. Ngoja azoee nyumba!"

Watu wakacheka, hata bibi mbele akacheka. Baba hakucheka wala hakukasirika; dirisha likafungwa taratibu, maana lori lilikuwa linakuja. Vumbi likapita juu yetu. Lilipotulia, mwenye majogoo alinitazama vizuri, upande ule wa shavu, na nikaona anavyotambua mimi ni nani.

"Pole, mwanangu. Utani tu wa barabarani."

"Najua, mama."

"Mama yako tulikuwa tunamtania hivihivi. Alikuwa anajibu."

Baada ya hapo hakuna aliyetania. Niligeuka nikaangalia mbele kupitia kioo. Niliona kisogo cha baba, mvi zilizoanza pale kola inapogusa, na juu yake, kwa sababu ya jua, uso wangu mwenyewe. Ningeweza kugonga. Kila mtu aliyewahi kupanda gari lile alijua kugonga. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikaniuma, na kila gari lilipotujia dirisha lilikuwa limefungwa tayari.

Lusewa, watu waliposhuka na sisi wawili tukabaki tunakung'uta nguo, nilisema, "Baba."

"Naam."

"Linafunga vizuri."

"Vumbi halipiti?"

"Kidogo. Pembeni."

"Nitatia mpira," akasema, akaenda kutafuta mzigo wa kurudi nao.

Usiku wa siku ile sikwenda kwenye mparachichi kusoma habari za wenzangu. Nilikwenda kuomba kazi. Niliomba zote, hata zile zisizonihusu, kwa hasira ya mtu aliyeambiwa anaondoka na sasa anataka kuonyesha kwamba ni kweli. Nilipata moja Morogoro kabla mvua hazijaanza. Baba alinipeleka stendi alfajiri, begi langu likiwa nyuma na mimi mbele, kushoto, kwa mara ya kwanza tangu siku ya gereji. Basi lilipowasha injini alinipa mfuko wa maparachichi mabichi, akasema yataiva nikishafika. Nililia kuanzia Songea mpaka Njombe, na abiria mwenzangu, mtu mwema, alidhani nimefiwa.

Miaka iliyofuata tulizungumza kwa simu Jumapili. Nilimwuliza dirisha linafanya kazi? Linafanya. Naye aliniuliza nimekula? Nimekula. Nilipata rafiki wa kuhoji naye kila kitu, nikampoteza, nikapata kazi nyingine iliyo bora kidogo. Nilizoea kuwaambia watu kwamba baba yangu ni mtu asiyehitaji mtu.

Mwaka jana nilikwenda Hanga kwenye harusi ya binti wa mama mdogo. Tulikuwa tumekaa jikoni tukichambua mchele, wanawake wengi, kila mmoja akisimulia aliolewaje. Ikafika zamu ya kumsimulia marehemu mama, na mama mdogo akasimulia kwa niaba yake, haraka, kama jambo ambalo kila mtu pale analijua. Mimi tu ndiye sikulijua. Mama alikuwa mwanachuo wa ualimu, amebakiza mwaka mmoja. Alikuwa nyumbani likizo, msimu wa tumbaku unaanza, na utingo wa baba akaugua. Baba akaja kumwomba apande kwenye ile pikapu yake ya kwanza, akae kushoto, ashike dirisha, msimu huo mmoja tu. Chuoni hakurudi tena.