Jino la Mama Mkwe Angani

Kwetu Uhaya mkwe na mama mkwe hawazoeani. Kusalimiana tunasalimiana, ila kwa mbali, macho chini, na mama mwenyewe kajitanda kanga mpaka kidevuni. Kula pamoja hakuna. Kucheka mbele ya mkwe mpaka meno yaonekane ndiyo kabisa, mama mwenye heshima zake hathubutu. Tangu nimwoe binti yake, kila nikifika kwao Muleba tunazungumza kwa kupitia mtu. "Mwambie mkwe wangu chakula kiko tayari," atasema, na mkwe mwenyewe nimekaa hapo hapo, nasikia kila neno.

Rafiki zangu wa Dar es Salaam wananicheka kwa hili. Wacheke tu. Mimi ni mtu wa mjini, nauza vipuri vya pikipiki Bukoba na mdomo ninao, lakini mbele ya mama yule nanywea.

Mke wangu alikuwa Dar es Salaam kikazi, mimba ya pili. Ya kwanza iliishia vibaya. Mtoto hakumaliza siku. Mama mkwe alipopigiwa simu siku ile alipanda basi na nguo alizotoka nazo shambani, akafika tumeshazika. Hakumlaumu mtu. Ila mke wangu aliniambia kwamba akiwa chumba cha upasuaji alimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo safari hii aliomba kitu kimoja tu, amwone mama yake kabla ya kuingia. Tulipanga mama aende mapema, kwa basi, bila haraka. Halafu ghafla madaktari wakasema hawangoji tena, upasuaji ni kesho asubuhi. Nikakata tiketi mbili za ndege na kwenda Muleba kumchukua.

Nilikuta habari zimeshazagaa kwamba mama anakwenda kuruka angani. Majirani wamejaa sebuleni kumuaga, na kahawa ya kutafuna, akamwani, imeshaletwa kwenye kikapu chake kidogo. Mwenye nyumba ndiye anayetangulia kutafuna, wageni waone kwamba ni salama, kisha kikapu kinazunguka. Sasa, mama alikuwa amezibwa jino la nyuma siku si nyingi, na daktari wa meno alimkataza vitu vigumu. Lakini angefanyaje? Awape watu kahawa yeye akae anawatazama? Akatafuna, kitu kikalia kinywani, akanyamaza. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati huo nilikuwa uani, mbali na mlango kama inavyonipasa, natazama saa na kununa.

Kwenye gari alikaa nyuma, mimi mbele na dereva. Mambo safi. Taabu ilianza ndani ya ndege, maana viti vyetu vilikuwa viwili pamoja, bega kwa bega, na ndege imejaa. Yeye alipewa dirisha. Mimi nilijivuta upande wa njia hadi nusu ya mwili ikawa nje, mhudumu akipita ananigonga na kuniomba radhi.

Tulipoacha uwanja wa Bukoba na ziwa likabaki chini, mama akajifunika kanga uso mzima na kunigeuzia mgongo, paji la uso kwenye kioo. Nikasema moyoni, huyu ndiye mama. Dunia imetubana kwenye viti hivi, yeye bado anaitunza heshima yake na yangu. Nilijisikia vizuri sana. Nami nikafumba macho ili nisimwaibishe kwa kumtazama.

"Wewe baba!" Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyekaa ng'ambo ya njia, mama wa makamo aliyevaa baibui, muuza vitenge wa pale pale Bukoba. "Huyo mama ni mzazi wako?"

"Ni mkwe wangu."

"Basi fumbua macho. Mkwe wako anaumwa."

Nikatazama. Kanga ilikuwa inatetemeka. Chini yake mama alikuwa amejishika taya kwa mikono miwili, na shingo yote jasho. Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu dukani naguna kwa sauti. Nikataka kumuuliza, lakini ulimi haukujua pa kuanzia, sikuwahi kumuuliza mama huyu swali hata moja uso kwa uso. Muuza vitenge akaona ninavyobabaika. Akainama kupita mbele yangu, akamsemesha kwa Kihaya, taratibu, kama binti yake. Mama akajibu kwa kichwa tu.

Cha ajabu, ndege ilipoanza kushuka Mwanza kanga ikaacha kutetemeka, na tulipotua mama alikuwa mzima. Kwenye viti vya nje ya uwanja, tukingoja ndege ya Dar es Salaam, alimweleza yule muuza vitenge kila kitu, jino, kahawa, na ule mlio kinywani. Mimi nilikaa kiti cha tatu kutoka kwao nikisikiliza kama ilivyo desturi.

"Mawe!" muuza vitenge alishangaa kwa Kihaya, kama kusema mama yangu! "Ugonjwa huo naujua. Kaka yangu anazamia huko visiwani kwenu Muleba, ananasua nyavu zikishika kwenye mawe. Jino lake lilizibwa likapasuka kama lako. Akizama, linamchoma mpaka anaona nyota. Akiibuka, kimya. Daktari alimwambia kuna hewa imejificha mle ndani, haitaki kubanwa. Ya kwako nadhani inataka kutanuka mkipanda juu. Waitu, ndugu yangu, sikudanganyi, hii ndege ya pili inapanda juu zaidi. Itauma kuliko ile."

"Na kaka yako aliacha kuzama?" mama akauliza.

"Hakuacha mpaka alipoling'oa. Alisema akishajua maumivu yanaishia wapi, anayavumilia."

Mimi nikajikaza. "Mwambie mama," nikamwambia muuza vitenge, "kama hawezi, tubaki, tupande basi."

"Mwulize mkwe wangu, basi linafika lini?"

"Kesho usiku."

Mama akainuka. Alimeza vidonge nilivyomnunulia, akachukua mkoba wake na kwenda kusimama kwenye foleni, wa kwanza, kabla hata hatujaitwa. Muuza vitenge safari yake iliishia Mwanza. Alimkumbatia mama, akanitazama mimi kwa jicho la kunionya, akaenda zake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hatuna tena mtu wa kati.

Viti vyetu vilikuwa pamoja tena. Tukafunga mikanda.

"Mkwe wangu."

Nikageuka kutafuta anayetumwa kwangu. Hakukuwa na mtu. Alikuwa ananitazama usoni, na mimi kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake vizuri, ni macho ya mke wangu kabisa.

"Kazi yako ni moja," akasema. "Ikianza kushuka, uniambie. Kabla ya hapo usiniambie kitu. Wala usinipe pole."

Nimewaona wanaume wakivunjika miguu kwenye bodaboda na kupiga yowe la kuamsha mtaa. Mama yule hakutoa hata mguno. Alifunga macho, akashika mikono ya kiti, na tulivyozidi kupanda ndivyo vidole vyake vilivyozidi kuwa vyeupe. Machozi yalimtoka jicho moja tu, la upande wa jino. Mhudumu alileta juisi, nikampungia mkono aende. Nilitamani kumdanganya, nimwambie tunashuka ilhali bado, angalau apumue. Lakini alikuwa amenipa kazi moja, na nilimheshimu mno kuifanya vibaya. Basi nikakaa nasikiliza injini, mimi ambaye huwa nalala ndegeni, nasikiliza mpaka masikio yananiuma. Nilikuwa namwogopea na najivunia kuwa mkwe wake, vyote kwa pamoja.

Hatimaye mngurumo ukabadilika, ukawa mzito, na pua ya ndege ikainama.

"Mama, tunashuka."

Akashusha pumzi ndefu. "Wakola," akasema. Asante.

Tulifika hospitali jua linazama. Mke wangu alipomwona mlangoni alilia kama mtoto, kisha akamuuliza ndege ilikuwaje, maana alijua mama yake anaogopa hata ngazi.

"Ndege ni kukaa tu," mama akajibu, kanga shavuni. "Unakaa, unaletewa juisi."

Nikatazama sakafu. Hakutaka binti yake aingie kule ndani kesho yake akiwa na maumivu ya mtu mwingine kichwani, na mimi sikuthubutu kumharibia.

Asubuhi alitembea kando ya kitanda cha magurudumu akiwa ameshika mkono wa binti yake mpaka pale wanaposema ndugu wasivuke. Mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi mwisho huu, yeye mwisho ule, nafasi ya mtu mmoja katikati, heshima imerudi mahali pake. Ila niliona ameshika ukingo wa benchi vile vile alivyoshika kiti cha ndege, na macho kayafumba. Jino lilikuwa halimuumi tena. Mimi nikafanya ile kazi niliyoijua, nikausikilizia mlango ule kwa masikio yote.

Nikakisikia kilio. Chembamba, cha hasira, hakikatiki. Muuguzi akafungua mlango, akataja jina la mke wangu na kusema wote wawili wazima.

"Mama," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua, "tumeshuka."

Alifumbua macho. Kanga ikamteleza mabegani, hakuiokota. Akacheka mbele yangu, kwa sauti, kinywa wazi mpaka lile jino bovu la nyuma nikaliona, na mimi sikugeuza uso.