Bawa-Moja Aliungulia Mezani kwa Mama Pasi

"Mjinga! Mjinga wa kuzaliwa! Miaka sita nimemfuata, miaka sita, halafu ananifanyia hivi?"

Mama Pasi alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili kilikuwa kinamnyooshea shemeji yake, utadhani shemeji ndiye aliyeichora ile katuni ya Bawa-Moja. Shemeji mwenyewe, ambaye duka zima la kufulia lilimwita Dobi, alisimama mlangoni na karai la mashuka, mapovu yamempanda mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji, teremsha sauti. Mzee Risiti hajasoma."

"Mzee yuko mbele na wateja, hasikii. Wewe nijibu. Mtu ana bawa moja tu chini ya jua, la akiba hana, analitoa anampa adui yake! Tena anampa huku anacheka!"

"Hakumpa. Kaporwa. Na hakuwa anacheka, alikuwa analia."

"Unajua kusoma, wewe?"

"Picha haina hata neno moja, shemeji. Kusoma kunaingiaje hapo?"

Shangazi, bibi kizee wa kushona vifungo, aliinua pua yake kutoka kwenye kopo la vifungo. Alikuwa shangazi wa mwenye duka, na kwa hiyo akawa shangazi wa wote.

"Nyie watoto, kuna kitu kinaungua."

"Shangazi, usitukatize."

"Haya," alisema Shangazi, akarudi kutunga uzi.

Mama Pasi aliendelea. Alimkumbusha shemeji yake kwamba huyo adui aliyezawadiwa bawa, Profesa Kutu, ndiye aliyepulizia pumzi kitanda cha mama yake Bawa-Moja, chuma kikaoza, bibi wa watu akaangukia sakafuni na mto wake. Mtu amwangushe mama yako, wewe umpe bawa? Dobi alikuwa amefungua mdomo kujibu, ndipo moshi ulipopita katikati yao.

Pasi ilikuwa imelala juu ya ukurasa wa mwisho.

Mama Pasi aliinyanyua kwa kasi, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Karatasi ilibaki na tundu lenye umbo kamili la pasi, ncha yake na makalio yake, na alipoigusa kingo zikamomonyoka kama ngozi ya kitunguu.

"Nilisema," alisema Shangazi, bila kuinua kichwa.

Sasa msomaji atauliza, katuni ilifuata nini chini ya pasi? Ilifuata utaratibu. Watu hawa wanne walikuwa wakinunua nakala moja kila mwezi, na nakala hiyo ilikuwa na foleni yake. Wa kwanza kusoma alikuwa Dobi, kwa sababu mikono yake haikaukagi, na kila alichokishika kilitoka kimelowa. Baada yake Mama Pasi, aliyekuwa anaipiga pasi ukurasa kwa ukurasa huku anasoma, ikirudi nyoofu kuliko ilivyotoka kiwandani. Halafu Shangazi, ambaye alisoma taratibu kwa miwani iliyofungwa uzi. Wa mwisho alikuwa Mzee Risiti, karani wa mbele, ambaye kwa kungoja kwake alipewa nakala akae nayo. Alikuwa nazo sabini na moja ndani ya sanduku chini ya kaunta, zimefungwa kamba na kupangwa kwa namba kama nguo za wateja. Na sheria ilikuwa moja: mpaka Mzee amalize, hakuna kufungua mdomo. Siku zote Mama Pasi ndiye aliyekuwa mkali wa sheria hiyo. Aliwahi kumziba Dobi mdomo kwa soksi ya mteja.

Jingine la kujua ni kwamba mama huyu alikuwa na miaka ishirini na mbili mezani pale na hajawahi kuunguza kitu. Hariri, sufu, gauni la harusi lenye shanga elfu, vyote vimepita mkononi mwake vikatoka salama. Wapiga pasi wa maduka mengine walipounguza, waliambiwa, "Nenda ukamtazame yule mama." Amezika mume, amelea watoto watatu, amebadilisha pasi nne, na sifa yake haikuwa na doa wala alama ya moto. Leo kaunguza. Na kaunguza nini? Toleo la sabini na mbili, la mwisho kabisa.

Na Mzee Risiti alikuwa ameongeza siku zake za kazini kwa ajili ya toleo hilo. Mwezi uliopita ndio aliotakiwa kuacha kazi akahamie kwa binti yake, magoti yamemchosha. Alimwendea mwenye duka akamwomba mwezi mmoja wa nyongeza. Mwenye duka alidhani ni uaminifu, karibu amlilie. Kumbe Mzee alitaka tu Bawa-Moja amkute palepale alipomwacha. Siku yake ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Pasi iliunguza Jumatatu.

Mama Pasi alikivua kile kitambaa cheupe cha kutandikia meza, chenye alama ya kahawia, akakikunja kwa hasira bila kukitazama na kukisukumiza chini ya meza pamoja na aibu yake. Kisha akajifuta mikono, akaenda mbele.

"Mzee."

"Naam, dada."

"Nimeunguza."

Mzee Risiti alivuta daftari la risiti, kwa mazoea. "Cha nani?"

"Chako."

Alimwekea toleo juu ya kaunta, akalifungua mwisho. Mzee alilitazama lile tundu. Akaingiza kidole, kikatokea upande wa pili. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri suruali yake alisogea nyuma hatua moja, maana sura ya Mzee haikuwa ya kusogelewa.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alichukua kalamu akaandika kwa ule mwandiko wake uliolala: *Kitu: ukurasa mmoja, wa mwisho. Kasoro: umeungua. Mdaiwa: Mama Pasi.* Akachana nakala ya juu akampa, ya chini akaichomeka kwenye msumari wa risiti ambazo hazijamalizwa.

"Utanilipa," alisema, na kumgeukia mteja. "Suruali ya kijivu, sivyo?"

Jumanne na Jumatano Mama Pasi alitafuta. Muuza magazeti alimwambia nakala zilikwisha asubuhi ileile, na zaidi ya hapo hazichapwi. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara alikuwa nayo, lakini mjukuu wake alishakata ukurasa wa mwisho akaubandika ukutani kwa uji. Mama Pasi alikwenda mpaka kwa fundi saa akauona ukuta. Mjukuu alikuwa amempaka Bawa-Moja rangi ya kijani, na mende walishakula uji pamoja na sura.

Alhamisi, Mzee akalainika. Wakati wa mapumziko alikuja chumba cha nyuma na kigoda chake.

"Basi nisimulieni. Picha sina, nitakula maneno."

Hapo ndipo vita ilipoanza upya. Mama Pasi alisimama, akanyoosha mkono mmoja kuwa bawa. "Mzee, ni juu ya daraja. Bawa-Moja kavua bawa lake. Profesa Kutu yuko pembeni, kalivaa. Bawa-Moja anachekelea kama aliyeshinda bahati nasibu."

"Uongo," alisema Dobi. "Kutu kamnyang'anya. Bawa-Moja ana machozi, nimeyaona kwa macho yangu."

"Yale ni maji yako mwenyewe! Ulilishika gazeti na mikono ya karai!"

"Na wewe ulisoma kwa moshi."

Mzee alimtazama huyu, akamtazama yule, kama mtu anayepewa chenji mbili tofauti.

"Shangazi, wewe wasemaje?"

"Mimi sijasoma," alisema Shangazi, "ila hawa wote hawajui kitu. Bawa-Moja tangu zamani hakuwa na akili. Miaka sita anaruka kwa kuzunguka kama nzi kwenye balbu, maana bawa moja halikupeleki mbele. Mimi namtaka Profesa Kutu. Mchafu wa roho, lakini tazama koti lake! Safu mbili za vifungo na hakuna kilicholegea."

"Shangazi, huyo kamwangusha mama wa mtu kitandani!"

"Mama mwenyewe kwa nini alinunua cha chuma?"

Mzee aliinuka, magoti yakalia. "Nimeacha," alisema. "Mkinisimulia hivi nitakufa na miisho mitatu, na yote ya uongo." Mlangoni aligeuka. "Dada, lakini kwa nini imekuudhi hivyo? Ni katuni."

Mama Pasi alikamata kola ya shati akaanza kuikandamiza. "Imeniudhi kwa sababu hakuaga. Mtu umezoeana naye, kila mwezi uko naye, siku moja anatua mzigo anaondoka, tena anacheka. Ni adabu hiyo?"

Mzee alikohoa kidogo, akaenda zake mbele.

Jumamosi saa nne asubuhi, Dobi alikuwa anazoa vitambaa vya duka vya kuloweka. Alivuta rundo chini ya meza ya Mama Pasi, akaanza kuvitupa kwenye pipa la maji ya moto kimoja kimoja. Alipofika kwenye kile cheupe, kikamkunjukia mkononi.

"Shemeji, hapa umempikia nani chai? Alama yote hii itatokaje?"

Mama Pasi aligeuka kumjibu vizuri, kama alivyozoea. Akaona. Katikati ya ile alama ya kahawia, ndani ya umbo la pasi, kulikuwa na mtu amesimama.

"Usiloweke!"

Dobi alishtuka, kitambaa kikamponyoka kikawa kinaelekea pipani. Mama Pasi, mwenye miaka hamsini na mmoja na mgongo unaouma, aliruka juu ya kikapu cha mataulo akakidaka hewani, kisigino kimoja kikaingia kwenye karai. Shangazi baadaye alisimulia kwamba mama yule aliruka zaidi kuliko Bawa-Moja alivyowahi kuruka katika matoleo yote sabini na mbili.

Walikitandaza mezani. Sababu ilikuwa rahisi, na mpiga pasi yeyote angeijua kama asingekuwa na hasira. Karatasi yenye wino alikuwa anaipiga pasi mgongoni, kama nguo nyeusi, isije ikang'aa. Kwa hiyo picha ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kitambaa chenye unyevu, na kabla moto haujaila, ilikuwa imemwaga wino wake wote chini. Picha nzima ilikuwepo. Imegeuka tu, kulia kuwa kushoto, na imepauka rangi.

"Kioo," alisema Mama Pasi. "Leteni kioo cha wateja. Na mwiteni Mzee. Na asiambiwe kitu!"

Dobi alikibandua kioo ukutani. Mzee Risiti alikuja amevaa koti lake la kuondokea, sanduku lake limeshafungwa mkanda mbele. Wakamkalisha kwenye kigoda. Dobi akashika kioo, Mama Pasi akanyoosha kitambaa kwa mikono miwili mbele yake, na Bawa-Moja akasimama ndani ya kioo, upande wake sahihi, juu ya daraja lake.

Mzee alitazama muda mrefu. Dobi alimsogezea kioo karibu zaidi.

"Kaporwa, sivyo Mzee?" alinong'ona.

"Nyamaza, mwache asome," alisema Mama Pasi. Sheria ilikuwa imerudi.

Shangazi ndiye aliyejipenyeza na miwani yake. Pua yake nusura iguse kioo. "Hajaporwa," alisema. "Tazameni mshipi uliofunga lile bawa mgongoni kwa Kutu. Umekazwa tundu la tatu, na ncha imechomekwa ndani vizuri. Mwizi hana nafasi ya kuchomeka ncha. Huo umefungwa na mtu mwingine, tena kwa upole." Kisha akaongeza kwa huzuni, "Na koti limetoka kifungo kimoja."

Mama Pasi alivuta pumzi ya ushindi. Lakini sasa naye alikuwa anaitazama ile sura, bila moshi na bila hasira. Haikuwa sura ya kuchekelea. Dobi naye aliiona, akatafuta machozi yake, hayakuwepo.

"Kumbe hacheki," alisema Mama Pasi polepole. "Ana nini sasa huyu?"

Mzee Risiti alitoa leso akafuta miwani, ingawa miwani haikuwa na kosa.

"Kachoka, dada," alisema. "Miaka sita amelala ubavu mmoja. Ukiwa na bawa upande huu, utajigeuzaje? Hiyo ni sura ya mtu ambaye leo atalala chali." Akaitazama tena. "Na hajaondoka bila kuaga. Ona macho yake yanatazama wapi. Anatutazama sisi."

Kweli. Alikuwa anawatazama wao.

"Basi angepunga mkono," alisema Mama Pasi, lakini sauti yake haikuwa na makali. Alichukua mkasi, akaikata ile picha mraba, akaacha nafasi ya pindo. Shangazi alishatunga uzi kwenye sindano. Wakaipinda pande nne, na Mama Pasi akaipiga pasi mara ya mwisho, mgongoni, akiwa amesimama wima hapohapo hasemi na mtu, mpaka pasi iliporudi kwenye kiti chake.

Akaikunja mara moja, akamkabidhi Mzee kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mteja wa heshima.

Mzee aliiweka ndani ya toleo la sabini na mbili, pale penye tundu. Akaenda mbele, na wao nyuma yake. Kwenye msumari alipekua risiti mpaka akaifikia ile ya Jumatatu, akaichomoa, akaandika juu yake kwa mwandiko uliolala: *Umelipwa.* Akatafakari kidogo, akaongeza: *Nguo haikuharibika.*

Akampa Mama Pasi. Halafu akanyanyua sanduku lake, na alipofika mlangoni, akapunga mkono.