Vidonge Ndani ya Kikapu cha Kahawa

Shangazi Alistidia wa Kamachumu, balozi wetu wa nyumba kumi enzi za ujamaa, alimgombeza hadharani mwanamume yeyote aliyetegea kazi ya shamba la kijiji. Kitu kimoja tu kilimfunga mdomo: choo chake kigumu. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge vya sena vya kulainisha choo, naye kwa aibu akavificha kwenye kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kwa kuwa watoto hawakigusi. Alisahau kwamba wageni hukigusa, maana kwetu Uhayani mgeni hukaribishwa kwa buni kavu za kutafuna.

Alasiri moja Mzee Karugendo alikuja kumposea mwanawe wa kiume binti wa Shangazi. Binti huyo akamletea kile kikapu. Mzee akatafuna, uso ukajikunja, lakini nani ateme alichopewa ukweni? Akameza, akapeleka mkono tena.

Shangazi akakiona kidonge cha pili kati ya vidole vyake. Akinyamaza, aibu yake imesitirika na mkwe anaumia.

"Kirudishe, tata," akasema, akimwita baba kwa Kihaya. "Hiyo ni dawa yangu ya choo. Ni kimoja wakati wa kulala, asubuhi kinafanya kazi. Ukiona kimya usiongeze, utaharisha uishiwe maji mwilini."

"Nimekula kimoja. Nilidhani ndiyo kahawa yenu."

"Basi kunywa maji. Tumbo likisokota sana, nenda zahanati."

"Na wewe unameza kila siku?"

"Siku chache tu. Choo kikilainika naacha, nabaki na maji, mboga na maharage."

Karugendo akatazama jua. "Basi mahari tuizungumze upesi, waitu, mkwe wangu. Usiku unikute kwangu."

Hakubishania hata mbuzi mmoja.