Daktari wa Vifaranga

Kwa miaka kumi na mmoja Daktari Monicah Wamae alitoboa mayai ya kuku na kuchungulia ndani. Alitaka kujua jinsi seli za kifaranga, kabla hazijawa bawa wala moyo, zinavyojibandua kutoka kwa wenzao na kuhamia zinakotakiwa. Kazi safi, isiyomuumiza mtu. Kwao Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri, nani alikuwa na habari na mayai? Msichana wao ni daktari, basi. Ibada ikiisha, akina mama walimletea magoti yao na presha zao, naye akaeleza mpaka akachoka kwamba udaktari wake ni wa masomo, hatibu mtu.

Ndipo siku moja mama yake akamwita jikoni, akafungua blauzi. "Mami," akasema, kama alivyozoea kumwita binti yake, "nigusie hapa. Niko na kitu."

Monicah akagusa. Angefanyaje, na ni mama yake? Kilikuwa kigumu, kadiri ya punje ya mahindi. Akamsihi aende hospitali wiki hiyo hiyo, kisha akarudi Nairobi kwenye mayai yake. Mama hakwenda. Alichuma kahawa mpaka msimu ukaisha, akiwaambia majirani kwamba daktari wake amemshika na hata hakushtuka. Alipokwenda, miezi saba ilikuwa imepita na saratani ilishaingia mifupani.

Kwenye mazishi Monicah hakulia. Watu wakamsifu kwa kujikaza. Kujikaza wapi! Hakusikia chochote, ndiyo kweli yenyewe. Mwaka uliofuata akaacha mayai, akaanza kuchunguza saratani ya matiti. Kwenye usaili wa kazi hiyo walipomuuliza kwa nini amebadilisha, alijibu kwamba swali ni lile lile: seli za uvimbe nazo hujibandua na kuhama. Jibu lilikuwa sahihi. Wakamwajiri.

Alhamisi iliyopita, akina mama walipokuwa wakitoka kwenye mkutano wa kanisa, Watiri, jirani wa mama yake ambaye Monicah amemwita tata, yaani shangazi, tangu utotoni, alimvuta kando. Akaushika mkono wa Monicah, akaupeleka kifuani pake mwenyewe. Monicah akauchomoa upesi.

"Hapana, tata. Ingia kwa gari, twende hospitali sasa hivi."

Watiri akaumia, ikaonekana. "Si mama yako ulimgusa? Alikuwa anatuambia mkono yako ilimtuliza. Ati hiyo miezi yote alilala vizuri."

Monicah alifungua mlango wa gari. Alingoja machozi, hayakuja. Akamfunga Watiri mkanda, akawasha gari.